Je, wajua kwa nini kaa mkubwa huweza kuwa mtupu?

Kwa miaka mingi nilinunua kaa kwa macho. Nilimtaka mkubwa, tena msafi: gamba linang'aa, tumbo jeupe, mgongoni hana kovu. Siku moja nikampata wa namna hiyo, karibu upana wa sahani, nikampika kwa tui la nazi. Nilipovunja gando yakachuruzika maji, na ndani mlikuwa na nyama kama uzi. Nikaulaumu mwezi. Nilikwisha kusikia kwamba mbalamwezi humkondesha kaa, eti mwanga humtisha akabaki shimoni na njaa.

Maelezo hayo yana kasoro iliyo wazi, nami sikuiona. Kama njaa ya usiku wa mwanga ndiyo sababu, basi kaa wote wa usiku huo wangekuwa watupu. Lakini katika tenga moja, waliotoka koko moja, huyu amejaa na jirani yake ni maji matupu. Isitoshe, maji ya mikokoni yana tope. Mwanga haufiki mbali humo.

Tunayemzungumzia ni kaa koko, au kaa wa matope, ambaye wataalamu humwita Scylla serrata. Anapatikana kuanzia Bahari ya Sham hadi Afrika Kusini, na mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Kwetu makao yake ni mikoko, kama ile ya Lamu na delta ya Rufiji.

Siri iko kwenye gamba. Gamba halikui, kwa hiyo kaa akitaka kukua hana budi kulivua. Gamba la zamani hupasuka kwa nyuma, naye hutoka kinyumenyume akiwa laini kama ngozi iliyolowa. Papo hapo hunywa maji mengi, mwili ukavimba, na gamba jipya likagandia kwenye kipimo hicho cha uvimbe. Ni sare ya shule iliyonunuliwa na mzazi mwenye hesabu zake: Januari inapwaya, Novemba inabana. Mwenye sare bado ni yule yule mdogo. Gamba hukauka kwa siku chache, lakini nyama ya kulijaza huchukua wiki nyingi za kula chaza na konokono.

Gando lina kisa chake. Ni nene, ila mahali linapoungana na mwili ni pembamba, na nyama yote sharti ipite hapo wakati wa kujivua. Aliyewahi kuvua bangili inayobana anaijua taabu hiyo. Sisi hutumia sabuni. Kaa na jamaa zake wenye magando makubwa hupunguza kwanza msuli wenyewe, kisha huujenga upya. Kwa hiyo gando, ndilo tunalogombania mezani, huwa limepungua kabla hata gamba halijavuliwa.

Mwezi nao siutoi hatiani kabisa. Ndio unaoleta bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, na maji mafu, yaani siku za kujaa na kupwa kidogo, na maji ndiyo yanayoamua mvuvi afike mashimo yapi. Tena baadhi ya kamba wameonekana kujivua gamba kwa kufuata awamu za mwezi. Kumkondesha kaa kwa mwanga wake, hilo ndilo nililokosea.

Kosa langu la pili lilikuwa usafi. Gamba linalong'aa ni gamba jipya, yaani sare ya Januari. Aliyejaa mara nyingi ni yule mchakavu: rangi imefifia, meno ya magando yamelika, mgongoni vimeganda viumbe vidogo vya baharini, vyeupe na vigumu kama vikombe. Mgeuze, umfunge magando kwanza, kisha bonyeza gamba la chini karibu na mashina ya miguu. Likibonyea, mrudishe. Likiwa gumu kama jiwe, naye ni mzito kuliko ulivyotarajia, huyo chemsha kwa chumvi, kamulia ndimu. Hata tui la nazi halitahitajika.