Hela ndogo za utafiti wa nyota na matetemeko: mimi naanzia kwenye bajeti

Msimu wa maombi ukifika simu yangu inajaa PDF. Vijana wa jiofizikia, yaani fizikia ya ardhi na matetemeko, na wale wachache wa astronomia tulionao huku Arusha na Moshi, wananitumia maandiko yao ya kuomba hela niyapitie kabla hawajayatuma, na siku hizi nikifungua andiko naruka utangulizi wote naenda moja kwa moja kwenye bajeti. Sio kwamba sayansi haina maana, hapana, ila kwa hizi hela ndogo, yaani zile za paundi au euro elfu chache, bajeti ndio inayoniambia kama mtu anajua anachoenda kufanya au ameokota maneno makubwa tu.

Mfano upo kila mwaka. Mtu anaandika anataka kuielewa mienendo ya Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, alafu chini kwenye bajeti kuna sensa mbili za matetemeko, yaani vifaa vya kurekodi mtikisiko, na mafuta ya gari. Jamani! Tetemeko likitokea kuna vitu vinne huvijui: latitudo, longitudo, kina, na muda lilipoanza. Vituo viwili havikupi vyote hivyo kwa uhakika, unataka angalau vinne vilivyolizunguka eneo, na kama unataka kina cha kuaminika basi kituo kimoja kiwe karibu, umbali wake usizidi sana hicho kina chenyewe. Anayesoma andiko lako ni mtu wa fani, hesabu hiyo anaipiga kichwani hata chai haijapoa.

Lakini sensa hizo hizo mbili zina swali lake zuri tu. Julai 2007 matetemeko yalifuatana kule mlima Gelai kusini mwa Ziwa Natron, kubwa lake lilikuwa na ukubwa wa 5.9 na lilisikika hadi Nairobi, kisha Septemba volkano ya Ol Doinyo Lengai ikalipuka. Sasa ukiuliza ni mitaa gani ya Arusha mjini ina udongo unaoukuza mtikisiko, hapo sensa moja inatosha, unaihamisha kutoka uwanja wa shule hadi uwanja wa shule, kila sehemu unarekodi mitikisiko ya kawaida ya ardhi na kulinganisha ya mlalo na ya wima. Swali dogo, vifaa vinatosha, na jibu mtu wa mipango miji anaweza kulitumia. Hilo andiko mimi ningelipa hela.

Kwa wa astronomia kosa kubwa ni kalenda. Tupo kama nyuzi 3.4 kusini mwa ikweta kwahiyo tunaona karibu anga lote la kaskazini na la kusini, hiyo iseme wazi kwenye andiko maana ni mtaji, ila usiandike utapima nyota zinazobadilika mwanga kutoka Moshi mwezi wa nne. Masika hiyo! Utakaa unaangalia mawingu mwezi mzima. Panga Juni kwenda mbele. Na kama swali lako linajibika kwa data za Gaia, setilaiti ya Ulaya iliyopima nyota, ambazo ni bure, usiombe darubini, omba kompyuta nzuri na bando, hakuna atakayekucheka. Hata wa jiofizikia wanasahau kwamba picha za rada za setilaiti za Sentinel-1 ni bure, na zinaonyesha ardhi ikipanda au kushuka kwa sentimita.

Turudi kwenye bajeti sasa. Ukiandika "usafiri" alafu namba moja nene pembeni, umeshajiharibia. Andika Land Cruiser kwa siku, dereva na posho yake, dizeli, ushuru wa mageti ya njiani, betri na sola, sementi ya kujengea kituo, na posho ya mlinzi, maana sensa ikiachwa porini bila mtu wa boma la jirani kuiangalia, sola haimalizi wiki. Kama eneo lipo ndani ya hifadhi, kibali na ada zake viwepo, na tarehe ya kuanza isogee mbele kwasababu vibali havina haraka na wewe. Mishahara yenu wafadhili mara nyingi hawalipi, na ile asilimia ambayo chuo kinakata wengi hawaitaki kabisa, kwahiyo kaongee na uhasibu mapema kabla sahihi hazijawekwa.

Wapi pa kutuma? Royal Astronomical Society ya London ipo tangu 1820 na inabeba nyota na jiofizikia pamoja, ila masharti ya uanachama soma kwanza. Ofisi ya Astronomia kwa Maendeleo ya IAU, umoja wa kimataifa wa wanaastronomia, ipo Cape Town tangu 2011 na inatoa wito kila mwaka, lakini wale wanataka astronomia inayoisaidia jamii, sio utafiti mtupu. Mtu akiwapelekea mkunjo wa mwanga wa nyota, yaani grafu ya mwanga wake unavyobadilika, peke yake, mwalimu hayupo, shule haipo, anapoteza muda wake na wao.

Barua za kupendekezwa, waambie maprofesa mapema na uwatumie andiko zima. Basi.

Kitu kinachosumbua watu zaidi ni baada ya kushinda. Upo taasisi ya umma? Manunuzi yanapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, kwahiyo sensa ya mwezi wa sita anza kuihangaikia hela ikishaingia tu, usisubiri safari. Na risiti: mwenye gari atakupa ya EFD, mlinzi wa boma hana EFD, kwahiyo kubaliana na mhasibu kabla hujaondoka mjini fomu iweje, jina, tarehe, kiasi, na dole gumba kama mzee hasaini, alafu beba wino.