Kabati za droo za Kifaransa: rangi mnayoiona leo siyo iliyotoka kwa fundi

Watu wakisimama mbele ya kabati la droo la Kifaransa la miaka ya 1700 karibu wote wanasifia ile rangi ya asali, wanasema mbao ya zamani ndo ilivyo. Sisi tunaohifadhi samani makumbusho tunaumia kidogo tukisikia hivyo, maana hicho ni kilichobaki baada ya mwanga kula rangi kwa zaidi ya miaka 200. Maua yanayopamba kabati hilo yalikuwa mekundu, majani kijani, na mbao ya nyuma yake mara nyingi ilikuwa amaranti, mti wa Amerika ya Kusini ambao ukichanwa na kupata hewa na mwanga unageuka zambarau kali. Ushahidi upo palepale, ukiondoa pambo la bronzi kwenye kona unakuta chini yake rangi bado mbichi kwasababu mwanga haukuwahi kufika.

Kitu cha kuelewa kwanza, hapo hakuna kilichochongwa. Wengi wetu tumezoea nakshi za milango ya Zanzibar na Lamu ambapo fundi anachimba kwenye ubao wenyewe, marketri, yaani kupanga picha kwa vipande vyembamba vinavyobandikwa, ni kazi nyingine kabisa. Mwili wa kabati ni mwaloni au msonobari wa kawaida tu, juu yake inabandikwa vinia, yaani mbao nyembamba, iliyokatwa kwa msumeno wa mkono, kila ua ni vipande vidogo vidogo vya miti tofauti, vingine vimetiwa rangi, vimepangwa mpaka vikakaa sawasawa halafu vikagandishwa kwa gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama. Kile kivuli kwenye ukingo wa ua siyo wino, ni kipande kilichochovywa kwenye mchanga wa moto hadi upande mmoja ukaungua kidogo. Mi huwa naona hapo ndo ufundi wote ulipo, sekunde chache zikizidi kipande kimeharibika. Mapema zaidi, fundi wa Paris André-Charles Boulle alishatumia shaba ya manjano na gamba la ng'amba badala ya maua ya mbao, na kabati zake mbili za mwaka 1708 na 1709 zilipelekwa Trianon, jumba lililoko Versailles, kwa mfalme Louis wa 14.

Fundi wa marketri ya mbao ninayemheshimu kuliko wote ni Jean-Henri Riesener, Mjerumani aliyeenda Paris, akafanya kazi kwa fundi Oeben, Mjerumani mwenzake, na Oeben alipofariki 1763 akaishika karakana na baadae akamuoa mjane wake. Alitengenezea mfalme na malkia Marie-Antoinette. Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja samani za Versailles, jumba la mfalme, zikapigwa mnada 1793 na 1794, yeye akanunua tena baadhi ya kazi zake akitegemea kuziuza, lakini wateja walishahamia mitindo mingine. Ndo maana leo kazi nyingi za Ufaransa ya wafalme ziko London, kwenye makumbusho ya Wallace Collection na kwingineko.

Kuhusu muhuri: kanuni za chama cha mafundi Paris za 1743, zilizosajiliwa rasmi 1751, zilitaka kila fundi agonge jina lake kwenye kazi, lakini waliokuwa wanamfanyia kazi mfalme walisamehewa. Kwahiyo kukosa muhuri siyo feki, na kuwa nao siyo halali moja kwa moja maana muhuri unagongwa hata jana. Angalia zaidi unene wa vinia, ile ya zamani ni nene na ina alama za msumeno, ya kiwandani ni nyembamba kama karatasi ngumu.

Na tafadhali sana, ukiwa nayo nyumbani usiipige msasa ili "irudi mpya", vinia inaisha na kilichoisha hakirudi. Iweke mbali na dirisha, makumbusho tunashusha taa mpaka kama lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga) kwa vitu vya aina hii, na mbali na kiyoyozi pia kwa sababu hewa kavu inafanya mbao ijikunje na vipande vinaanza kunyanyuka. Kipande kikidondoka usiguse superglue, kitie kwenye bahasha uandike kimetoka wapi, kisha mwite mhifadhi, ile gundi ya zamani inalainika kwa joto na unyevu na kipande kinarudi mahali pake bila kuumizwa.