Madaftari Kumi Mezani: Walimu Wanaporekebisha Shule Yao Wenyewe

Andika 52 − 27 ubaoni, uwape watoto wa darasa la pili. Katika madarasa mengi niliyokaa nyuma kutazama, hawakosi kadhaa watakaoandika 35. Mwalimu anasahihisha kwa wino mwekundu, anaandika "Rudia", anahamia daftari jingine. Mtoto anarudia, na anapata 35 ileile.

Katika shule moja ya msingi nilikuta kosa hilo limeletwa mezani. Ilikuwa Jumatano, vipindi vimekwisha, walimu watano wamebanana kwenye kona ya ofisi ya walimu. Mwalimu wa darasa la pili, ambaye hana cheo chochote pale shuleni, alikuwa amebeba madaftari kumi. "Hawa wote wamekosa kwa namna moja," alisema. "Kumi hawawezi kuwa wazembe kwa mtindo mmoja. Nimewafundisha nini?"

Wenzake walikaa kimya, kisha wa darasa la kwanza akaguna. "Hilo ni langu, mwalimu. Mimi ndiye ninayewaambia kila siku kwamba kubwa haitoki kwenye ndogo."

Basi fundo likafunguka. Mtoto aliyeshikishwa kanuni hiyo anaiheshimu: akikuta 2 juu na 7 chini, anageuza, 7 toa 2, anapata 5, kwenye makumi, 5 toa 2, anapata 3. Wakakubaliana kwamba wiki nzima hesabu hizo zisianzie ubaoni. Vijiti vitafungwa kumi kumi kwa mpira, na kila mtoto atafungua fungu moja kwa mkono wake, aone 2 zinavyokuwa 12, ndipo ashike penseli. Mwalimu wa darasa la kwanza ataingia kwenye kipindi hicho na kukaa pembeni akitazama mikono ya watoto.

Kikao kile kilichukua kama dakika arobaini, bila posho na bila mgeni rasmi. Mwalimu aliyebeba madaftari ndiye aliyeongoza shule siku hiyo, ingawa hana barua ya uteuzi.

Nchini Tanzania utaratibu wa kufanya hivi upo tayari. Chini ya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, kila shule inatakiwa iwe na Jumuiya ya Ujifunzaji, ambamo walimu hukutana kujadili changamoto za darasani. Umuhimu wake anaujua yeyote aliyepitia semina za zamani: walimu wawili wanaitwa wilayani, wanafundishwa siku tano, wanarudi kuwafundisha wenzao kwa saa mbili. Kinachofika darasani ni kama chai iliyoongezwa maji mara tatu. Na mitaala iliyoboreshwa, iliyoanza kutumika Januari 2024, haitaingia vichwani kwa semina moja.

Wajapani wana mazoea ya namna hii tangu karne ya 19. Walimu huandaa somo pamoja, mmoja hulifundisha, wengine hutazama, kisha hukaa kulichambua. Zambia iliuanza utaratibu huo mwaka 2005 kwa msaada wa Japani. Siri yake, kwa maoni yangu, iko kwenye neno moja: somo ni letu. Likiharibika, hakuna wa kuchekwa, maana tuliliandaa wote. Kwetu mwalimu akiona mtu anaingia na kukaa nyuma ya darasa, moyo unampaa. Huyo ni mdhibiti ubora, au kuna aliyeshtaki. Hofu hiyo haiondolewi kwa waraka.

Hapa ndipo mwalimu mkuu anapohitajika. Utafiti wa Viviane Robinson, mtaalamu wa uongozi wa shule, na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, ulipima mambo matano wanayofanya viongozi wa shule. Lililoonekana kuwa na uhusiano mkubwa zaidi na matokeo ya wanafunzi ni kiongozi kuhimiza walimu wajifunze na yeye mwenyewe kushiriki. Kushiriki hapo si kufungua kikao, kusema "endeleeni" na kwenda kupokea simu. Mwalimu mkuu aanze yeye kutazamwa akifundisha, hata kama kipindi kitamwendea kombo. Nimeona ofisi nzima ikilegea siku mkuu alipokiri kwamba darasa la nne lilimshinda.

Niseme pia kinachonikera. Nimewahi kuoneshwa jalada la vikao vya jumuiya lililopangika kuliko majalada yote niliyoyaona, mihuri kila ukurasa, mahudhurio yamekamilika. Nilipowauliza walimu walijadili nini mwezi ule, walitazamana. Mihutasari ilikuwa imepikwa. Sikuwalaumu sana, kwa sababu aliyewatembelea kabla yangu aliulizia jalada tu. Wadhibiti ubora, maafisa elimu kata, hata wajumbe wa kamati za shule, ombeni kuona daftari la mtoto, la kabla ya kikao na la baada yake.

Kule kwenye vijiti nilirudi baada ya wiki tatu. Mwalimu wa darasa la pili alikuwa na madaftari matatu mkononi, na mmoja kati ya watoto hao sasa alikuwa anaandika 79. "Huyu anajumlisha," aliniambia, huku akivuta kiti. "Leo tunaanza na yeye."