Je, wajua kwa nini kushoto kwa meli huitwa "port"?

Magharibi ikishapita, kaa ukingoni pale Mama Ngina, mahali ambapo watu wa Mombasa wengi bado wanapaita Lighthouse, na mihogo yako ya kukaanga yenye ndimu na pilipili. Meli inayoingia Kilindini itakupitia karibu, na taa ya rangi utakayoiona ubavuni mwake ni ya kijani. Inayotoka itakuonyesha nyekundu. Hakuna mtu aliyezibadilisha. Taa ya kijani hukaa kulia kwa meli siku zote na nyekundu hukaa kushoto, kwa hiyo aliye upande wa kisiwani huona ubavu wa kulia wa meli inayoingia na wa kushoto wa inayotoka. Aliye ng'ambo ya Likoni huona kinyume.

Ubavu huo wa taa nyekundu ndio Waingereza wanaouita "port". Ajabu ni kwamba kwao "port" ni bandari pia. Ni tundu la kuchajia simu, ni aina ya divai, na limejificha ndani ya maneno chungu nzima ya kibiashara yanayosemwa kila siku katika ofisi za mawakala wa forodha. Kushoto na bandari vinahusiana nini?

Jibu linaanza na kasia. Zamani, kabla usukani haujafungwa katikati ya tezi, yaani nyuma ya chombo, vyombo vya Ulaya ya kaskazini viliongozwa kwa kasia kubwa lililoning'inizwa ubavuni. Kwa kuwa watu wengi hutumia mkono wa kulia, kasia hilo liliwekwa kulia, na upande huo ukaitwa ubavu wa kuongozea. Ndilo asili ya "starboard". Halihusiani na nyota hata kidogo, ingawa ukilitazama lilivyoandikwa utadhani hivyo.

Sasa chombo chenye kasia kulia hukiegeshi gatini kwa upande wa kulia, utalivunja. Unakilaza kwa kushoto, na shehena inapakiwa na kupakuliwa kwa upande huohuo. Kushoto kukawa ubavu wa kupakia, jina ambalo baada ya karne kadhaa za kutafunwa na mabaharia likaishia kuwa "larboard". Tatizo unaliona: "starboard" na "larboard" yanafanana mwisho. Upepo unavuma, tanga linapiga, nahodha anapaza sauti kutoka tezi, na aliye omo, kule mbele, anasikia ile sehemu ya mwisho tu. Mabaharia walikuwa tayari na neno lingine la kushoto, "port", ambalo halichanganyiki na chochote, na mwaka 1844 jeshi la majini la Uingereza likaamuru "larboard" liachwe kabisa. Wamarekani wakafuata mwaka 1846.

Manahodha wa majahazi wa pwani yetu walikuwa na njia yao. Wao hutaja upande kwa upepo: kuna joshini, unakotoka upepo, na demani, unakoelekea. Kwa chombo cha tanga hiyo ina maana zaidi, kwa sababu kinachokuhangaisha baharini ni upepo unakupiga wapi, si mkono gani ni wa kulia. Lakini meli ya mashine haiulizi upepo, na kushoto kwake lazima kubaki kushoto hata ikigeuka.

Na msidhani amri ya mwaka 1844 ilimaliza mkanganyiko. Hadi miaka ya 1930 amri za usukani katika meli za Waingereza zilitolewa kana kwamba bado kuna mpini wa kusukuma, na mpini ukisukumwa kulia chombo huenda kushoto. Ndiyo maana usiku ule wa mwaka 1912 afisa wa Titanic aliyetaka meli ikwepe barafu kwa kushoto alitoa amri ya "starboard". Hakukosea. Ndivyo ilivyosemwa enzi hizo.

Upo pia uongo mtamu unaozunguka mtandaoni kuhusu neno "posh", lile la watu wa hali ya juu. Husimuliwa kuwa ni herufi za mwanzo za maneno "port out, starboard home", yaani "kushoto wakati wa kwenda, kulia wakati wa kurudi", kwamba matajiri waliosafiri kwa meli kati ya Uingereza na India walikatiwa vyumba vya upande usio na jua. Ushahidi wa hadithi hiyo haujapatikana mpaka leo, si tiketi wala daftari la abiria. Mimi naiweka fungu moja na zile habari za kutumiwa "kama nilivyopokea".

Turudi gatini, maana "port" la kushoto bado hatujalifikisha kwao. Kilatini kilikuwa na maneno mawili ya karibu sana: porta, yaani lango, na portus, yaani bandari. Kiingereza kikayachukua yote mawili na kuyakata mikia, yakabaki sauti moja. Kushoto kwa meli kuliitwa "port" kwa sababu ndiko kulikoelekezwa bandarini, na ndiko kulikokuwa na mlango wa kupitishia mizigo. Mtu akikwambia limetokana na lango, na mwingine akikwambia ni bandari, waache wote wawili. Katika ubavu ule vitu hivyo vilikutana.

Maana ya lango bado ipo. Mjini Edinburgh, Uskoti, kuna mtaa wa West Port, na hapo hamna bahari; ni mahali palipokuwa na lango la magharibi la mji. Matundu ya kutolea mizinga kwenye mbavu za manowari yaliitwa hivyo hivyo. Kutoka hapo likaingia kwenye kompyuta: mlango wa kupitishia umeme au data. Hata milango isiyoshikika ina jina hilo, kama ule namba 443 ambao kurasa salama za intaneti hupitia.

Upande wa bandari, sisi tuna Port Reitz, ule mkono wa bahari unaoingia ndani kupita Kilindini. Reitz alikuwa luteni wa jeshi la majini la Uingereza aliyeachwa Mombasa mwaka 1824, wakati Kapteni Owen alipokubali ombi la Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, la kuwekwa chini ya bendera ya Uingereza ili wamkwepe Seyyid Said wa Oman. Homa ilimuua mwaka huohuo. Jina lake limedumu kuliko himaya yenyewe, iliyovunjwa mwaka 1826.

Walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 nao wamebeba neno hili. Portugal ni Portus Cale, bandari ya Kirumi kwenye mlango wa mto Douro, ulipo mji wa Porto leo, na divai iitwayo "port" ilipata jina hapo kwa sababu ndipo iliposafirishiwa kwenda kwa Waingereza. Sisi hatukulichukua. Tulisikia wakitaja ufalme wao, reino, tukawaita Wareno. Waarabu nao, kwa kuwa machungwa matamu yalikuja kuwafikia kupitia biashara ya Wareno, wanaliita chungwa burtuqal. Kijana wa Majengo aliyeko kazini Muscat akiagiza juisi ya burtuqal anataja bandari ya Kirumi bila habari.

Ila katika ukoo wote huu, ninalolipenda mimi ni "opportunity", fursa. Warumi walikuwa na usemi ob portum, kuelekea bandarini, wakausemea upepo unaokupeleka gatini. Opportunus ikawa kitu kilichokuja wakati wake. Mahali pasipo bandari, pagumu kufikika, paliitwa importunus, na Kiingereza kikapata neno la msumbufu asiyejua saa ya kubisha hodi. Mombasa hili halihitaji kufafanuliwa. Kaskazi ikianza kuvuma mwishoni mwa mwaka, majahazi ya Uarabuni, Uajemi na India yalishuka nayo hadi Bandari ya Kale. Kusi ikishika, kuanzia Aprili hivi, waliokuwa wamemaliza biashara walipandisha tanga kurudi kwao. Aliyechelewa alikaa mpaka upepo ugeuke, na wako waliochelewa wakaoa.

Lipo na tawi la tatu, portare, kubeba, ambalo wataalamu hulirudisha pamoja na yale mawili kwenye mzizi mmoja wa kale wenye maana ya kupita au kuvuka. Humo ndimo zimo "import" na "export", kubeba kuingiza na kubeba kutoa, na "porter", ambaye kwetu ni hamali. Hata "sport" imo: Wafaransa wa kale walikuwa na desporter, kujiondoa kwenye shughuli, kujibeba ukapumzike, na Waingereza wakaimeza silabi ya mwanzo.

Kwa hiyo fundi wa simu anapokwambia port imekufa, anasemea lango. Mwaka 2011 Kenya iliporuhusu mtu kuhama kampuni ya simu na namba yake ileile, shughuli hiyo nayo Kiingereza kiliiita ku-port, na hapo maana ni kubeba.