Salamu za asubuhi kwenye makundi ya simu: maana yake na kazi yake

Salamu ya asubuhi ya kundi la WhatsApp ni ujumbe mfupi ambao mtu huwaandikia wenzake wote kwa pamoja kunapopambazuka, bila kueleza shida wala kuomba kitu. "Habari za asubuhi wapendwa." "Mmeamkaje majirani?" "Asubuhi njema, Mungu awatangulie." Hapa Nairobi utaikuta kwenye kundi la ploti, yaani la wapangaji wa jengo moja, la chama, la kwaya, la waliosoma pamoja, la ukoo. Hurudiwa kila siku kwa maneno yaleyale. Wachache huitikia, wengi husoma wakapita, na kesho yake inatumwa tena.

Wapo wanaoiona kuwa kelele. Kama huna la kusema, wanasema, nyamaza. Simu inalia bure. Naielewa hoja hiyo, lakini naona inaipima salamu kwa kipimo kisicho chake. Salamu ya kundi haiji kuleta habari. Inakuja kuonyesha nani yupo, na kuwajulisha wengine kwamba wanaweza kuzungumza naye.

Jambo hili lina jina katika taaluma ya lugha, na limechunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1923 Bronisław Malinowski, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Poland aliyekuwa ameishi na watu wa visiwa vya Trobriand karibu na Papua, alieleza kwamba yapo mazungumzo ambayo shabaha yake si kupashana habari bali kuunganisha watu. Kuulizana hali, kusema jua ni kali leo, kutaja jambo ambalo kila mtu analiona: hayo yote aliyaweka humo. Mwaka 1960 Roman Jakobson alipoorodhesha kazi sita za lugha, moja ilikuwa ya kufungua njia ya mawasiliano na kuhakikisha haijakatika. Mfano wake unafahamika na kila mwenye simu: mtu anayesema "Haloo, unanisikia?" Salamu ya asubuhi inafanya kazi zote mbili. Inaunganisha watu na inahakikisha njia iko wazi.

Lakini anayejua Kiswahili hakuhitaji kungoja mtaalamu ili ajue hivyo. Kwetu salamu ni mfululizo, tena una mpangilio wake. Unaulizwa habari za asubuhi, unajibu njema. Unaulizwa umeamkaje, unajibu salama. Unaulizwa wa nyumbani, unajibu hawajambo. Hata ukiwa na tatizo, huanzi nalo. Unasema "Njema, ila mtoto amelala na homa." Hiyo "ila" ndiyo mlango wa shida, nayo haitangulii salamu. Mtu anayeingia moja kwa moja na shida yake, bila hata "hamjambo", anahesabiwa kuwa hana adabu au kuwa amepatwa na jambo zito kweli.

Mpangilio huo umehamia kwenye simu mzimamzima. Chukua kundi la ploti moja pale Umoja. Kabla hakujakucha mama mboga wa chini tayari yuko njiani kwenda Marikiti, naye anaandika "Asubuhi njema jamani." Kimya, wengine wamelala. Baadaye askari wa usiku anayelinda godauni Industrial Area anaingia: "Asubuhi njema, mimi ndio narudi kulala." Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya tatu anaandika sentensi kamili, na alama zote mahali pake: "Hamjambo nyote? Natumaini mmeamka salama." Anaitikiwa "Hatujambo mwalimu" na watu wanne au watano, kwa sababu mwalimu haachwi hewani. Kijana wa nyumba nambari sita anatupia "Niaje watu wangu," anajibiwa "Poa." Halafu nyumba nambari tisa: "Salama kabisa, ila maji hayapandi huku juu tangu jana jioni." Keateka, yaani msimamizi wa ploti, anajibu hapohapo kwamba pampu ina shida na fundi anakuja.

Angalia yule wa nyumba nambari tisa. Hakulalamika kwa ghafla. Alipanda juu ya salamu za wenzake, akaweka "salama" yake kwanza, kisha "ila". Keateka naye hakujiona ameshambuliwa. Malalamiko hayohayo yangetumwa saa nane mchana kwenye kundi lililonyamaza wiki nzima, yangesikika kama ugomvi. Ndiyo maana nasema salamu za kila siku ni za lazima kwa kundi lolote ambalo siku moja litahitaji kuombana msaada, kukosoana au kuchangishana. Zinamfanya mtu awe amekwisha piga hodi kabla shida haijamleta mlangoni.

Na siku ya mchango hufika. Nairobi watu wa kundi moja huchangia bili ya hospitali, karo, na usafiri wa kumpeleka marehemu kwao kwa mazishi. Orodha inaanza kuzunguka, kila mmoja anaongeza jina na kiasi baada ya kutuma kwa M-Pesa. Jina ambalo watu wamelisoma kila asubuhi kwa mwaka mzima haliombewi msaada kwa maelezo marefu. Jina ambalo halijawahi kuonekana huleta maswali: huyu ni nani, anakaa nyumba gani, nani anamfahamu? Sisemi ni haki. Mtu mkimya anaweza kuwa na shida kubwa kuliko msemaji, na admini mwenye busara hulikumbuka hilo. Lakini ndivyo ilivyo.

Desturi yenyewe ni ya zamani kuliko simu za mkononi. Enzi za redio ya taifa, wakati ikiitwa Sauti ya Kenya na hata baada ya kuwa KBC mwaka 1989, wasikilizaji walinunua kadi za salamu, wakaandika majina ya wanaowasalimu na mahali walipo, wakazituma kwa posta ili mtangazaji azisome. Kadi hiyo haikuwa na habari hata moja. Ilikuwa na majina tu. Watu walikaa kando ya redio wakisubiri kusikia lao, na wapenzi wa salamu walifahamiana kwa majina bila kuonana uso kwa uso. Kilichobadilika leo ni kwamba hakuna mtangazaji katikati, na jibu linarudi kwa sekunde.

Saa ya kusalimu nayo ina mantiki yake. Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, likisogea kwa nusu saa hivi tu. Asubuhi ya Januari na ya Julai zinaanza karibu wakati mmoja, na kundi linazoea. Ukituma saa kumi za usiku utaamsha watu. Ukituma saa nne asubuhi utaambiwa kwa upole kwamba watu wako kazini. Mwanya mzuri ni kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, wakati wengi wako stejini au wamekwama kwenye foleni ya Jogoo Road au Thika Road, simu mkononi.

Wenzetu walio ng'ambo wanasumbuliwa na saa hizo. Aliye Boston anaisoma asubuhi yetu ikiwa kwake ni saa nne au saa tano za usiku, naye hujibu "Asubuhi njema kwenu, sisi ndio tunalala." Aliye Riyadh au Doha, saa yake ni moja na yetu. Hapa ndipo salamu hii inakuwa jambo la uzito mkubwa. Wakenya wengi, wanawake hasa, wanafanya kazi za nyumbani Saudi Arabia, na wapo ambao simu zao huchukuliwa na mwajiri au wanaoruhusiwa kuzishika muda mfupi tu. Familia iliyobaki Kayole au Dandora inajua zamu yake: binti huandika "Asubuhi njema familia" kabla hajaanza kazi. Siku mbili zikipita bila maneno hayo matatu, mama mtu haungoji ujumbe wa kueleza. Anaanza kupiga simu kwa wakala aliyemtafutia binti kazi.

Mwaka 2020, wakati wa korona, watu wengi waliielewa kazi hii ya salamu kwa mara ya kwanza. Kuanzia tarehe 27 Machi kulikuwa na kafyu ya usiku nchi nzima, na kati ya tarehe 6 Aprili na tarehe 7 Julai hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka Nairobi na viunga vyake bila kibali. Wenye wazazi mashambani hawakuweza kwenda kuwaona. Kundi la ukoo likawa mahali pa kuhesabiana kila asubuhi: shangazi yupo, babu ameitikia kwa sauti iliyorekodiwa na mjukuu, binamu wa Mombasa bado. Makundi mengi yaliyozoea kusalimiana wakati ule yameendelea mpaka leo.

Namna ya kusalimu inategemea kundi. Kwenye kundi la kanisa utakuta "Bwana asifiwe" ikiitikiwa "Amina", na kwa Wakatoliki "Tumsifu Yesu Kristu" ikiitikiwa "Milele na milele, amina." Kwenye kundi la Waislamu ni "Asalaam aleikum." Kundi la mchanganyiko, kama la wafanyabiashara wa Eastleigh au wakazi wa Pumwani, huwa na watu wanaoandika "Asalaam aleikum na habari za asubuhi ndugu zangu," ili kila mmoja apate lake. Naipenda sana salamu hiyo ya mikono miwili. Shikamoo ina ugumu wake: ni ya mdogo kwa mkubwa, na kwenye kundi la rika mbalimbali huwezi kuirusha kwa wote. Wanaoitumia vizuri huielekeza: "Shikamooni wazee wetu, wengine hamjambo?" Kundi la ukoo likiwa la bara, "Mulembe" ya Waluhya, "Oyawore" ya Wajaluo au "Chamgei" ya Wakalenjin hutangulia, na Kiswahili kikafuata kwa ajili ya mashemeji.

Sasa, si kila kitu kinachotumwa asubuhi ni salamu. Picha ya waridi lenye umande na maandishi ya kung'aa, video ya dakika tatu ya mahubiri, maombi yenye agizo la kuyatuma kwa watu kumi: hivyo vimesambazwa, havikuandikwa. Mtumaji hajasema yupo. Amepitisha tu mzigo wa mwingine. Tena vinakula bando la watu na kujaza simu, na si kila mtu kundini ana simu yenye nafasi. Hapa nakubaliana na wanaolalamika, na nadhani admini akikataza picha na video za kusambazwa huku akiacha salamu za kuandikwa, kundi litapumua bila kupoteza kitu. Maneno mawili uliyoyaandika wewe, hata yakiwa na kosa la tahajia, yanabeba zaidi ya waridi hilo.

Tangu 2022 WhatsApp imeruhusu kubandika kidole gumba au moyo chini ya ujumbe wa mwenzako. Ni njia nzuri ya kuitikia kwenye kundi kubwa, maana mwaka huohuo idadi ya wanachama iliruhusiwa kufika 1,024, na watu mia tatu wakiandika "njema" moja moja hakuna atakayefanya kazi. Kwa mzee au mgonjwa, hata hivyo, andika neno. Wazee wengi hawakioni kidole gumba, au wanakiona wasijue ni cha nani.

Kuna faida nyingine ambayo haizungumzwi sana. Matapeli hupora akaunti za watu kwa kuwalaghai watoe ile nambari ya tarakimu sita inayotumwa na WhatsApp, kisha huomba pesa kwa jina la mwenyewe. Kundi linalosalimiana huwa linajua mtu anavyoandika. Aliyezoea "Mmeamkaje wapendwa wangu" akianza ghafla na "Habari, nisaidie elfu tano nitarudisha jioni," watu hushtuka. Mpigie simu ya kawaida umsikie sauti kabla hujatuma chochote.

Ukiingia kwenye kundi jipya, soma siku mbili tatu uone wanavyosalimiana, kisha salimia kwa mtindo wao na uitikie angalau mmoja aliyetangulia. Huna haja ya kusalimu wewe mwenyewe kila siku, mradi kundi linasalimiana. Na ukigundua jina lililozoeleka halijaonekana kwa siku kadhaa, usimwite mbele ya watu wote kwa "mbona umepotea?" Huenda amefiwa, amefutwa kazi, au amekosa bando tu. Mtumie ujumbe pembeni, uanze na habari za asubuhi, halafu subiri. Kama tiki inabaki moja tangu jana, yaani ujumbe haujamfikia, na anaishi peke yake, panda ngazi ukamgongee.