Je, wajua kwa nini ugali unakuwa mtamu ukiutafuna taratibu?

Hebu leo ukikaa kula chukua tonge la ugali mtupu, bila mboga wala mchuzi, weka mdomoni halafu usimeze, tafuna tu taratibu kama dakika nzima hivi. Mwanzoni husikii kitu cha maana ila baadae kuna kautamu kanaanza kuja kwa mbali. Hiyo sukari umeitengeneza wewe mwenyewe! Kwenye mate kuna kimeng'enya kinaitwa amilasi, kazi yake kuukata wanga uwe sukari ndogondogo, na kinaanza palepale tonge linapokutana na mate. Muhogo wa kuchemsha, wali, mkate, vyote hivyohivyo. Sasa wengi wetu tunabugia tu, tonge linatafunwa mara tatu nne limeshashuka, likifika tumboni asidi inaizima ile amilasi na utamu haukupata hata nafasi ya kutokea.

Halafu sio ulimi peke yake. Sehemu kubwa ya ladha ni harufu, yaani ukitafuna, harufu ya chakula inapanda kwa nyuma ya koo mpaka puani, ndo maana ukiwa na mafua chakula chote kinakuwa kimepooza. Jaribu kubana pua ukiwa unatafuna pilau halafu achia ghafla, uone iliki na mdalasini vinavyokuja kwa mpigo. Anayemeza harakaharaka harufu yote hiyo inampita.

Na kushiba je? Tumbo likianza kujaa neva zake zinapeleka taarifa kwenye ubongo, na chakula kikifika kwenye utumbo zinatolewa homoni za shibe, lakini haya yote yanachukua muda, inakadiriwa dakika 20 hivi tangu uanze kula. Wewe umemaliza sahani kwa dakika saba, bado unajiona una njaa, unaongeza ya pili, kidogo tu baadae umelegea kwenye kiti tumbo limekaza unabeua hovyo, maana ukila kwa pupa unameza na hewa pia.

Na hii spidi wengi tumeitoa utotoni kwenye sinia, watoto sita mnagombea mboga moja, ukizubaa unabaki na ugali mkavu, nani angetafuna taratibu pale? Ukubwani hakuna anayekunyang'anya ila mkono umeshazoea.

Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na bwana mmoja Horace Fletcher, alipata wafuasi wengi kwa kufundisha watu watafune mpaka chakula kiwe kama uji mdomoni, hadi maziwa alitaka yatafunwe. Mimi hapo sikubaliani nae, ukianza kuhesabu meno yamegonga mara ngapi raha yote ya kula inaondoka. Kinachosaidia kweli ni vitu vidogo tu, kata tonge dogo, usikate lingine kabla la kwanza halijashuka, simu weka mbali, na ukiwa na mtu pigeni stori.

Kama una nusu saa tu ya kula kazini basi angalau matonge ya mwanzo uyale taratibu, kwa sababu utamu wa chakula kilekile unapungua kadri unavyoendelea kukila, kwa hiyo raha kubwa ipo pale mwanzoni.