Picha ya Kihindi isiyo ya Kihindi: yanayosemwa kuhusu Gundamma Katha

Neno letu "Kihindi" lina mizigo miwili: lina maana ya chochote kitokacho India, na pia ni jina la lugha moja tu kati ya lugha nyingi za huko. Ndiyo maana mtu akitumiwa kwenye simu kipande cha Gundamma Katha, yaani Kisa cha Gundamma, picha ya mwaka 1962, isiyo na rangi, yenye sari na nyimbo zisizoisha, anajibu papo hapo: "Aa, Bollywood ya zamani!" Hapo keshakosea.

Bollywood ni Bombay, na lugha yake ni Kihindi. Hawa wanaongea Kitelugu, lugha ya majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana, kusini mwa India, na lugha hizi mbili hata ukoo mmoja si wao. Kihindi ni jamaa wa Kigujarati tunachokisikia madukani kwetu. Kitelugu ni Kidravidi, jirani wa Kitamil na Kikannada. Tena si kweli kwamba picha hii ilitoka Hyderabad, yaliko makao ya sinema ya Kitelugu leo. Wakati ule Watelugu walikuwa wakitengeneza picha zao Madras, mji ambao sasa unaitwa Chennai. Watayarishaji wake, Nagi Reddi na Chakrapani, ndio hao hao waliokuwa wakitoa Chandamama, jarida la hadithi za watoto, na nadhani hilo linaeleza kwa nini kisa kinasimuliwa kama ngano ya jioni.

"Kisa ni chao wenyewe." Hapana. Kilichukuliwa kwenye picha ya Kikannada ya mwaka 1958, Mane Thumbida Hennu, kikafumuliwa na kushonwa upya. Sehemu ya kijana anayemnyoosha mke mwenye maringo ina harufu ya Shakespeare, na kusema kweli ndiyo iliyozeeka vibaya kuliko zote. Mwaka huo huo wa 1962 ikatoka ya Kitamil, Manithan Maravillai. Kuazimana visa kati ya lugha za kusini ilikuwa biashara ya kawaida, wala hakuna aliyeona haya.

"N. T. Rama Rao alikuwa mtu wa kucheza miungu." Hii wanaisema wanaomjua steringi huyu wa Gundamma Katha kwa kucheza mungu Krishna katika picha ya Mayabazar, au kwa siasa, maana mwaka 1983 alikuja kuwa waziri mkuu wa jimbo la Andhra Pradesh. Vijana wetu wao wanamjua mjukuu wake, NTR Jr., yule wa picha ya RRR. Sasa mtazame babu katika Gundamma Katha, picha yake ya mia. Ni mtoto wa tajiri aliyejifanya mtumishi, anaitwa Anji, kavaa kaptura. Anaingia jikoni anamkuta Lakshmi, binti wa kambo wa Gundamma, aliyegeuzwa kijakazi katika nyumba ya babake mwenyewe. Kazi iliyopo ni kusaga unga wa maji kwa jiwe: jiwe zito lenye shimo katikati, na mchi wa jiwe unaozungushwa kwa mkono mpaka bega liume. Anji anashika mchi, anazungusha, anaimba kwamba ulimwengu wa wanawake umeamka. Steringi mkubwa kuliko wote, yuko chini na kaptura yake, anasaga! Savitri, anayecheza Lakshmi, hana haja ya kusema kitu. Macho yake yanatosha.

Sauti, lakini, si ya Rama Rao. Ni ya Ghantasala, ambaye ndiye pia aliyetunga muziki wote wa picha hii.

Steringi wa pili ni Akkineni Nageswara Rao, naye alikuwa kwenye picha yake ya 99. Yeye anamchukua Saroja, binti wa kuzaa wa Gundamma, aliyelelewa kwa kudekezwa, ambaye anachezwa na Jamuna. Watu wengi huapa kwamba wanne hawa walisimama pamoja mbele ya kamera katika wimbo wa Kolo Koloyanna. Hawakusimama. Kuwapata wote siku moja kulishindikana, wakapigwa picha kwa mafungu, halafu fundi wa kukata filamu akawaunganisha. Itazame tena ukijua hivyo, utaona jinsi alivyokuwa hodari.

Dhana inayonikera zaidi ni hii: "Gundamma ndiye adui." Ni rahisi kuiamini, kwa kuwa sisi nasi ngano zetu zimejaa mama wa kambo wasio na huruma. Lakini Gundamma ni mjane mwenye mali, mdomo mkali na masikio mepesi. Kila mlaghai anayepita mlangoni anamjaza maneno, naye anayameza. Baadaye anaingia mwanamke mkali kuliko yeye, shangazi wa mke wa mwanawe, na mwenye nyumba anageuka mateka katika nyumba yake. Anayekuja kumwokoa ni Lakshmi, yule aliyemfanya kijakazi. Watayarishaji wenyewe walijua kisa ni cha nani: wana masteringi wawili wakubwa, lakini jina la picha wakampa mama huyu wa kambo.

Aliyemcheza, Suryakantham, aliyefariki mwaka 1994, aliponzwa na ustadi wake. Watazamaji walidhani ndivyo alivyo hata kwake. Waliofanya kazi naye wanasimulia mwanamke mkarimu aliyekuwa akifika studio na vyakula alivyopika nyumbani, akiwagawia wenzake wale washibe. Pamoja na hayo, mpaka leo Watelugu wana utani kwamba tangu enzi zake hakuna mzazi aliyethubutu kumwita bintiye Suryakantham.